Picha ya Tatu Haipo

Kwa msomaji aliyekosa sehemu zilizotangulia, nitasema machache, kisha tuendelee.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na mmoja. Nilikuwa msomaji prufu, yaani msaka makosa katika kurasa za majaribio kabla hazijachapwa, katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na miwili. Nina binti mmoja. Mwaka jana, Jumanne alasiri, binti huyo alitoka nyumbani kwangu bila kuaga. Aliacha kompyuta yake mezani, na ndani yake kazi moja ambayo haikuwa imekamilika.

Kazi hiyo ni tovuti ya kwanza ya mwanamke mwenye karakana ya miguu ya bandia. Kila mtu humwita Fundi, nami nitamwita hivyo. Fundi ndiye mtu wa mwisho kumwona binti yangu. Nilipomwuliza yuko wapi, aliniambia kwamba ameapa kunyamaza.

"Ila nisikilize, Bibi," aliongeza. "Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa nne, kamati ya hospitali inaifungua tovuti yangu. Wakiridhika, wagonjwa wao wote wataletwa kwangu. Nimalizie kazi ya mwanao. Ukurasa ukisimama mbele ya kamati, siku hiyohiyo tutakaa mimi na wewe, na kiapo changu nitajua mwenyewe pa kukiweka."

Basi nikajifunza kutengeneza tovuti. Wiki iliyopita niliwaaga nikijigamba kwamba kazi imekwisha na ukurasa umesimama.

Haukuwa umesimama.

Jumatano saa tano asubuhi simu ililia.

"Shikamoo, Bibi. Njoo karakana. Kitu chako kimeanguka."

"Marahaba. Kimeangukaje?"

"Kimeanguka chali. Njoo uone."

Nilivaa viatu, nikaenda. Moyo haukunidunda. Kwa muda mrefu sasa haudundi kwa jambo lolote. Unafanya kazi yake tu, kama saa ya ukutani katika nyumba isiyo na mtu.

Karakana ni chumba kirefu chenye dirisha moja. Miguu kumi na minne ilining'inia ukutani, kila mmoja na kibandiko chake cha tarehe. Kompyuta ya Fundi ilikuwa juu ya benchi, kati ya msumeno na ndoo ya plasta, na vitufe vyake vilikuwa vyeupe kwa unga.

Nilitazama kioo. Maneno niliyoyapanga kwa wiki tatu yalikuwa yametelemka upande wa kushoto, meusi, makubwa, hayana rangi wala nafasi kati yake. Orodha ya juu ilikuwa imekaa katikati ya aya. Mahali pa picha palikuwa na visanduku vitatu vidogo, kila kimoja na alama ya karatasi iliyochanika.

"Hii ni tovuti au ni orodha ya wadaiwa?" Fundi aliuliza.

"Nyumbani iko sawa."

"Nyumbani kwako kamati haiji, Bibi."

"Kivinjari chako ni kizee," nilimwambia.

Fundi alinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. "Katika chumba hiki," alisema, "hicho ndicho kizee?"

Nilikifanya kivinjari kiwe kipya, jambo lililochukua dakika arobaini. Ukurasa ulibaki chali. Niliweka kivinjari cha aina nyingine. Chali. Nilitazama kipimo cha kukuzia maandishi, nikakirudisha kwenye asilimia mia. Chali.

"Labda kinatuonyesha nakala ya zamani," nilisema. "Kivinjari huhifadhi kurasa kilizokwisha kuziona. Ni kama mwenye duka mvivu anayekuuzia mkate wa jana ilhali wa leo uko nyuma jikoni."

"Basi mfukuze huyo mwenye duka."

Nilifungua mahali pa kufutia nakala. Kulikuwa na visanduku sita vya kuchagua, nami nikaviweka alama vyote sita, kwa kuwa nililelewa kwamba kazi haifanywi nusu. Kisha nikabonyeza.

Ukurasa ulikuwa vilevile. Lakini Fundi alipotaka kutazama barua zake, alikuta amefungiwa nje.

"Bibi! Umenitoa mpaka kwenye barua pepe yangu! Neno la siri silijui, lilikuwa linajiandika lenyewe!"

"Neno la siri huandikwa kwenye daftari."

"Na miguu huandikwa wapi? Kuna mtu amenitumia vipimo vya goti lake humo ndani!"

Nilimwomba radhi. Nilisikia sauti yangu ikiomba radhi, sentensi kamili, nzuri. Fundi alishusha pumzi, akanipa simu yake.

"Jaribu hii. Haijawahi kuufungua huo ukurasa."

Nilijaribu. Visanduku vitatu vilevile, karatasi tatu zilizochanika.

Hapo nikaacha kulaumu vivinjari. Simu na kompyuta hazikuwa zimekutana kamwe, lakini zilionyesha kosa moja. Kosa lilikuwa langu.

Ukurasa wowote una upande wa ndani, yaani maagizo ambayo kivinjari husoma ili kijue kipi kikae wapi. Niliufungua upande huo, nikausoma kama nilivyosoma prufu maisha yangu yote: mstari kwa mstari, kidole kwenye kioo.

Kosa nililikuta mstari wa tisa. Agizo la rangi na nafasi lilikiambia kivinjari kikachukue faili katika diski ya kompyuta ya binti yangu, ndani ya jalada liitwalo USIGUSE. Agizo la picha ya kwanza lilisema hivyo hivyo, na la pili, na la tatu.

"Umeona nini?" Fundi aliuliza.

"Ukurasa umeagizwa ukachukue picha chumbani kwangu."

"Chumbani kwako?"

"Katika kompyuta iliyo mezani kwangu. Nikiwa kule, ukurasa unazikuta. Wewe ukiwa hapa, ukurasa unabisha hodi kwenye mlango ambao haupo. Nilipeleka mtandaoni maneno peke yake. Picha na mavazi yake, yaani rangi na nafasi, havikutoka nyumbani."

"Na wiki tatu hukuliona hilo?"

Hapo ndipo lilipo kosa langu, nami nalikiri mbele ya kila anayesoma gazeti hili. Kila asubuhi niliufungua ukurasa kwa alama iliyokaa kwenye uso wa kompyuta. Alama ile hufungua nakala iliyo ndani ya mashine, wala haiendi mtandaoni. Sikuwahi hata siku moja kuandika anwani ya tovuti na kuifungua kama atakavyoifungua mgeni.

Kiwandani tulikuwa na sheria. Ukurasa hauhesabiwi kuwa umekwisha mpaka msomaji prufu ashuke chini, asimame kando ya mtambo, aishike kwa mikono yake karatasi iliyotoka kuchapwa. Niliisimamia sheria hiyo miaka thelathini na miwili. Mwenzangu mmoja alipoivunja, niliandika barua, naye akahamishiwa stoo. Sasa nilikuwa nimekaa wiki tatu ghorofani nikiisifu prufu.

Nilijua kwamba nilipaswa kuona aibu. Niliingoja kidogo. Haikuja.

"Nusu saa," nilimwambia Fundi. "Nikifika nyumbani, nitalipeleka jalada lote mtandaoni, nitabadilisha anwani nne, na ukurasa utakuwa umesimama."

"Kabla ya kesho saa nne?"

"Kabla hujala chakula cha jioni."

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango nilipokumbuka. "Picha ya tatu hata kwangu nyumbani haipo. Ni fremu tupu. Ni picha ya nini?"

Fundi alianza kujifuta plasta kwenye vidole, kimoja baada ya kingine. "Hiyo iache. Atai... italetwa."

"Na nani?"

"Nimesema italetwa, Bibi. Nenda ukafanye hiyo nusu saa yako."

Nilikwenda.

Niliingia nyumbani nikakuta meza. Juu ya meza palikuwa na umbo la mraba lisilo na vumbi, na waya mmoja ulioning'inia.

Nyumba hii ninaishi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ana miaka sitini na minane, moyo wa dhahabu, na mikono ambayo haitulii. Alitoka jikoni akitabasamu.

"Wifi, usishtuke. Nimekufanyia jambo."

"Kompyuta iko wapi?"

"Si asubuhi ulisema kwenye simu kwamba ukurasa umeanguka? Nikasema, masikini, mashine inaumwa. Nikaifunga kwenye shuka, nikaipeleka kwa yule fundi wa simu pale kona. Nikamwambia aisafishe mpaka ing'ae."

"Ulimwambia aisafishe nje au ndani?"

"Kote. Mtu akienda hospitali hupimwa nusu?"

Nilifika pale kona bila kuvua viatu wala kubadilisha mwendo. Fundi wa simu alinikabidhi mashine kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto aliyeogeshwa.

"Mama, hii ilikuwa imelemewa! Matakataka ya miaka. Nimeondoa yote, nimepanga upya kila kitu. Sasa inaruka!"

"Kulikuwa na jalada liitwalo USIGUSE."

"Majalada yalikuwa mengi, Mama."

"Linaweza kurudi?"

Alijikuna shingo. "Nimeandika juu yake mara mbili. Ndiyo usafi wenyewe huo."

Wifi alinipokea mlangoni. Aliutazama uso wangu, tabasamu lake likaondoka.

"Nimeharibu?"

"Picha zote zilikuwa humo."

"Wifi, nitukane basi. Nitukane nijue moja."

"Sina tusi," nilimwambia, na ilikuwa kweli. Nilitafuta ndani yangu kila mahali ambapo tusi lingeweza kukaa. Palikuwa pamefagiliwa kama ile kompyuta.

"Huoni hasira? Huoni chochote?"

"Naona ni saa kumi na moja."

Alikaa kwenye kiti akalia kwa niaba yetu sote wawili.

Sasa nitaandika jambo ambalo sehemu zote zilizopita nimelizunguka.

Jumanne ile, binti yangu alisimama mlangoni pa chumba ninamosomea prufu. Nilikuwa nimestaafu, lakini kiwanda kilikuwa kikiniletea kurasa nyumbani. Alikuwa amevaa nguo za kutokea.

"Mama, nina miadi leo. Naomba unisindikize."

"Miadi ya nini?"

"Nitakwambia njiani."

"Ngoja nimalize ukurasa," nilimwambia.

Alingoja. Alibadilisha mguu wa kusimamia, kisha akarudia ule wa kwanza. Kwa miezi kadhaa alikuwa akitembea kwa kuburuta upande mmoja, nami nilikuwa nimekwisha kumkemea mara nyingi. Nilimkemea tena, bila kuinua macho. "Na ukitembea, tembea sawasawa. Umefanana na mtu asiye na kwao."

Nilimaliza ukurasa. Ulikuwa na makosa mawili. Nilipoinua kichwa, mlangoni hapakuwa na mtu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sikumfukuza, wala hatukugombana. Nilimaliza ukurasa.

Jalada la USIGUSE alilipa jina hilo yeye, nami sikuwahi kulifungua. Picha mbili nilizijua kwa kuwa zilionekana kwenye ukurasa: ya benchi la karakana, na ya mikono ya Fundi ikiwa ndani ya plasta. Mengine yaliyokuwamo sikuyatazama. Aliandika nisiguse, sikugusa. Kwa mara ya kwanza maishani nilimtii mwanangu, na kwa utii huo nikawa sina hata nakala moja.

Magharibi ilipokaribia, nilikaa mbele ya mashine iliyosafishwa. Neno la siri la seva, ile mashine ya mbali inayoihifadhi tovuti, lilikuwa kwenye daftari langu. Niliingia, nikaufungua upande wa ndani wa ukurasa. Sikuwa na picha za kupeleka. Nilichokuwa nacho ni desturi tu.

Kiwandani, msomaji prufu hakushuka kumwuliza mpanga chapa maswali kwa mdomo. Aliandika swali pambizoni, kwa kalamu nyekundu, na prufu ikarudi chini. Mpanga chapa akilitekeleza, aliandika kando yake: *Imewekwa.* Akiona swali halina maana, alilikata kwa mstari mmoja, likaishia hapo. Na kama jambo lilikuwa zito mno kwa pambizo, alilikata kwa mistari miwili, maana yake: nakuja mezani kwako, tuzungumze.

Binti yangu alikulia humo. Alifanya kazi zake za shule chini ya meza yangu. Alipokuwa na miaka tisa, droo ya herufi za kuchapia, za madini ya risasi, ilimwangukia, ikamwachia kwenye muundi wa kulia alama yenye pembe tatu. Alijifunza mistari yetu kabla ya kujifunza kugawanya. Nyumbani nilikuwa nikimwachia karatasi mezani, *Umeoga?*, naye akilikata swali kwa mistari miwili, kisha akija mbio na taulo, maji yakimtiririka, ili nimnuse mwenyewe.

Katika ukurasa wa tovuti pia kuna namna ya kuandika pambizoni. Kuna alama mbili, ya kufungulia na ya kufungia, na chochote kilicho kati yake kivinjari hukiruka. Mgeni hakioni. Hukiona yule tu anayefungua upande wa ndani.

Niliandika mahali pa picha ya kwanza: *Picha haipo. Iletwe.*

Mahali pa picha ya pili: *Picha haipo. Iletwe.*

Mahali pa tatu niliandika: *Picha ya tatu haipo, wala haijawahi kuwapo. Ni ya nini?*

Sikuwa nikimwandikia mtu. Mkono ulifanya ulivyozoea, nami nikauacha.

Nilipaswa kumpigia Fundi na kumwambia kwamba nusu saa yangu imekufa. Sikumpigia. Hilo nalo nalikiri. Nilijifunika shuka nikalala, na nililala vizuri.

Alhamisi saa nne na nusu simu ililia. Niliitazama ikilia mara tano kabla ya kuipokea.

"Bibi!" Fundi alikuwa akipiga kelele. Nyuma yake nilisikia msumeno na watu wakicheka. "Bibi, umewaua! Wameifungua kwenye kioo kikubwa, wote saba, kimya! Hakuna kilichopinda! Mmoja kaifungua kwenye simu yake, ikajikunja vizuri kama leso. Wamenikubali! Umefanyaje?"

"Sikufanya kitu."

"Acha unyenyekevu. Jana ilikuwa chali, leo imesimama, na picha zote tatu ziko pale."

"Tatu?"

Msumeno ulizimwa, au Fundi alitoka nje. Sauti yake ilishuka.

"Bibi, ile ya tatu nani amekupa?"

"Hakuna aliyenipa. Kompyuta ilifutwa jana. Sikuwa na picha hata moja."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Tulikubaliana," nilimwambia. "Ukurasa ukisimama mbele ya kamati, utaniambia mwanangu yuko wapi. Leo ni Alhamisi."

"Tulikubaliana umalize wewe." Hakusema kwa ukali. Alisema polepole, kama anayepima mguu wa mtu. "Sema ukweli, Bibi, maana wewe husemi uongo. Umemaliza wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno fupi, herufi tano. Nililiona limekaa tayari.

"Hapana," nilisema.

"Basi aliyemaliza ndiye mwenye kusema. Nilikuwa nivunje kiapo changu leo, wallahi nilikuwa tayari. Lakini kama amejitokeza kwa mkono wake, mimi ni nani nimwingilie? Muulize yeye."

"Nimwulize wapi? Simu yake imekufa tangu mwaka jana."

"Nisamehe, Bibi," alisema, na simu ikakatika.

Nilikaa mbele ya kompyuta. Safari hii niliandika anwani yote kwa kidole kimoja, kama mgeni.

Ukurasa ulifunguka. Rangi zilikuwa mahali pake. Orodha ilikuwa juu. Benchi. Mikono ndani ya plasta. Nikashuka chini, kwenye ile fremu iliyokuwa tupu tangu nilipoijua.

Ilikuwa picha ya mtu anayetembea, iliyopigwa kuanzia magotini kushuka chini. Mguu wa kushoto ulikuwa wa bandia, mpya, una kiatu. Mguu wa kulia ulikuwa wa nyama na mfupa, na kwenye muundi wake palikuwa na alama yenye pembe tatu.

Niliitazama.

Wifi alipita nyuma yangu na kikombe, akasimama. "Mguu wa nani huo, wifi?"

"Wa mteja."

Nilifungua upande wa ndani. Seva huandika saa ambayo faili limeguswa: saa kumi na moja na dakika ishirini, alfajiri ya siku hiyo. Chini ya swali langu la kwanza palikuwa pameandikwa: *Imewekwa.* Chini ya la pili: *Imewekwa.*

Chini ya la tatu: *Imewekwa. Sasa natembea sawasawa, Mama.*

Msomaji atataka kujua kama nililia. Sikulia. Niliona kwamba picha ya tatu imezidi fremu kwa nukta tatu upande wa kulia, nikaipunguza. Nilihifadhi. Nikaifungua tena kwa anwani, nikahakikisha. Mikono yangu ilikuwa mikavu.

Kisha, saa saba kasorobo, niliandika pambizoni, chini ya maneno yake: *Uko wapi?*

Nilingoja. Kila dakika tano nilibonyeza kitufe cha kufungua upya. Swali langu lilikuwa palepale, peke yake. Wifi aliniletea chakula, akakiondoa kikiwa kimepoa.

"Wifi, umeolewa na hiyo mashine?"

"Nasoma prufu."

"Prufu gani isiyo na karatasi?"

Ilipofika saa tisa ndipo nilipomkumbuka mwenye duka mvivu. Huenda kivinjari kilikuwa kikinipa mkate uleule wa saa saba kasorobo. Nilifungua mahali pa kufutia nakala. Safari hii niliweka alama kisanduku kimoja tu, kile cha kurasa zilizohifadhiwa. Nikabonyeza. Nikaingia upya.

Maneno yake yalikuwapo: *Sasa natembea sawasawa, Mama.*

Chini yake hapakuwa na kitu. Swali langu lilikuwa limeondolewa, pamoja na alama zake za kufungulia na kufungia. Faili lilikuwa limeguswa saa nane na dakika kumi, na si mimi niliyeligusa.

Nilivaa miwani. Niliivua, nikaifuta, nikaivaa tena. Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, nikatafuta mahali pale neno lilipokuwa.

Kwenye karatasi ningejua. Mstari mmoja: swali lako halina maana, limeishia hapo. Mistari miwili: nakuja mezani kwako. Wino hubaki, na hata ukifutwa huacha mchubuko kwenye karatasi, nami nimesoma michubuko miaka thelathini na miwili. Kompyuta haiachi mchubuko. Palikuwa peupe kama pahali pasipowahi kuandikwa kitu.

Tangu saa nane na dakika kumi ilikuwa imepita saa nzima kasoro dakika tano.

Nilisimama. Upande wa pili wa meza yangu kuna kiti ambacho kwa mwaka mzima kimebeba marundo ya kurasa za kiwanda. Niliyainua marundo hayo moja baada ya jingine, nikayaweka sakafuni, nikakifuta kiti kwa kiganja.

"Kuna mgeni?" wifi aliuliza kutoka jikoni.

"Sijui," nilimjibu. "Ila mlango usiufunge."